Cheptegei na malengo yako ya mwaka: nini cha kuazima, nini cha kumwachia mwenyewe

Kila Olimpiki ikiisha, na kila Januari ikianza, picha ya mkimbiaji wetu wa mbio ndefu, Joshua Cheptegei, huzunguka kwenye simu za Waganda ikiwa na maneno yaleyale: usikate tamaa, umia leo ufurahi kesho, bingwa halali usingizi. Mhamasishaji ameyasema kwenye semina ya hoteli Kampala, mchungaji ameyarudia Jumapili, na mwenyekiti wa SACCO amefungulia nayo mkutano mkuu. Halafu mtu anarudi kwenye meza yake ya biashara Busia, au ofisini kwake Mbarara, na Jumatatu asubuhi hajui aanzie wapi. Avumilie nini hasa?

Mkanganyiko huu si wa bahati mbaya. Uvumilivu ndio unaoonekana kwenye televisheni, kwa hiyo ndio unaosimuliwa. Yale yaliyomfikisha mtu kwenye mstari wa kuanzia hayana picha nzuri: ratiba, usingizi, saa ya kocha, mashindano aliyoamua kuyaacha. Msimamo wangu ni kwamba hayo yasiyopigwa picha ndiyo yanayoazimika. Ukakamavu wa Cheptegei ni wake. Mpangilio wake unaweza kuuchukua hata wewe usiyeweza kukimbia kutoka Wandegeya hadi Mulago bila kusimama.

Tuanze na aina tatu za malengo, maana hapo ndipo mengi yanapochanganyikia.

Lengo la matokeo ni kushinda: kupata medali, kupata kazi, kupata zabuni. Lengo la kiwango ni kufikia kipimo fulani bila kujali wengine wamefanya nini: kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, kupata alama 70 kwenye mtihani, kufikisha akiba ya shilingi milioni tatu. Lengo la mchakato ni kile utakachofanya leo: kukimbia kilomita kumi na tano taratibu asubuhi, kulala saa tatu usiku, kuweka kando elfu kadhaa kabla ya kununua chakula cha mchana.

Mkulima wa mahindi wa Masindi anazijua tofauti hizi hata kama hazipi majina. Bei ya soko mwezi wa mavuno hana mamlaka nayo. Magunia kwa ekari yanamtegemea yeye kwa sehemu, na mvua kwa sehemu. Lakini siku ya kupanda, nafasi kati ya mashimo na palizi ya kwanza ni zake kabisa. Akikasirikia bei na kusahau palizi, amepoteza vyote viwili.

Sasa tazama tofauti hizo zikifanya kazi. Tarehe 2 Agosti 2024, jijini Paris, Cheptegei alishinda mita 10,000 kwa dakika 26:43.14 na kuweka rekodi mpya ya Olimpiki. Rekodi ya zamani, 27:01.17, ilikuwa ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia tangu Beijing mwaka 2008. Kila Mganda anakumbuka aliyekuwa wa kwanza. Mimi namtazama aliyekuwa wa nne, Mohammed Ahmed wa Kanada: 26:43.79. Mtu huyu alikimbia chini ya rekodi iliyodumu miaka 16, tena kwa zaidi ya sekunde 17. Alikuwa nyuma ya bingwa kwa chini ya sekunde moja. Akarudi nyumbani bila hata shaba. Jacob Kiplimo wetu alikuwa wa nane, sekunde tatu na kidogo nyuma ya dhahabu.

Je, Ahmed alifeli? Kwa lengo la matokeo, ndiyo. Kwa kiwango, alifanya kitu ambacho hakuna bingwa yeyote aliyetangulia alikuwa amekifanya kwenye fainali ya Olimpiki. Akijipima kwa matokeo peke yake, ataondoka akiamini mazoezi yake yalikuwa mabovu, aende kurekebisha kitu kisichokuwa na kasoro. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyofanya. Mhitimu anaomba kazi moja pamoja na mamia ya wenzake, anafika hatua ya mwisho ya usaili, anakosa, kisha anahitimisha kwamba shahada yake haina maana. Alichotakiwa kujiuliza ni kama alijibu vizuri kuliko usaili uliopita.

Hii haina maana kwamba malengo makubwa ni mabaya. Edwin Locke na Gary Latham, watafiti waliolichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba lengo mahususi na gumu kiasi kwa kawaida humfikisha mtu mbali kuliko kuambiwa tu "jitahidi uwezavyo". Wana angalizo moja ambalo kwenye semina halitajwi: kazi ikiwa ngeni kwako kabisa, ni afadhali lengo la kujifunza kuliko lengo la alama. Anayeanza kushona hahitaji idadi ya magauni kwa wiki. Anahitaji kwanza kujua kuweka zipu isipinde.

Tukija kwenye kasi, hapa ndipo Cheptegei ana somo kubwa kuliko yote, na somo lenyewe lilianza kwa aibu mbele ya watu wa nyumbani. Tarehe 26 Machi 2017, Kampala iliandaa mbio za nyika za dunia pale Kololo. Siku ile Kiplimo alikuwa ameshatupa dhahabu ya vijana. Cheptegei, mwenye miaka 20, aliwakimbia wenzake kwenye mbio za wakubwa hadi akabaki peke yake mbele, mbali, umati ukiimba. Jua lilikuwa kali. Kwenye mzunguko wa mwisho miguu ilimsaliti: akawa anayumba, anatembea nusu na kukimbia nusu, huku waliokuwa nyuma wakimpita mmoja mmoja. Geoffrey Kamworor wa Kenya akashinda. Cheptegei alimaliza wa 30.

Mtu akikwambia siku ile Cheptegei alikosa moyo, basi hakuitazama mbio ile. Moyo ulikuwepo hadi ukamwagika. Kilichokosekana ni mgawanyo: alitumia mwanzoni nguvu za mwishoni.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Agosti 2020, alikuwa Monaco kwenye mita 5,000. Pembeni ya uwanja, ukingo wa ndani, paliwekwa taa ndogo zinazowaka kwa kufuatana kwa kasi iliyopangwa, ili mkimbiaji aone kama yuko mbele au nyuma ya rekodi. Palikuwa pia na wawekaji kasi, yaani wanariadha wanaolipwa kuongoza sehemu ya mwanzo kisha watoke. Walipotoka, Cheptegei alibaki na taa. Alimaliza kwa 12:35.36, rekodi mpya ya dunia. Ukigawanya kwa mizunguko kumi na miwili na nusu unapata wastani wa sekunde 60.4 kwa mzunguko, na kilomita zake tano zilitofautiana kwa sekunde chache tu. Oktoba 7 mwaka huohuo, Valencia, akarudia kwa mita 10,000: 26:11.00, karibu sekunde 63 kila mzunguko, mara ishirini na tano. Ukiitazama video ile unaweza kuchoka. Ndiyo uzuri wake.

Sasa ingiza hilo sokoni. Tuseme mama anauza nguo za mitumba Busia, anataka milioni tatu za karo shule zitakapofunguliwa Februari, naye ana miezi kumi. Milioni tatu kwa miezi kumi ni laki tatu kwa mwezi. Akifanya biashara siku 25 kwa mwezi, ni elfu kumi na mbili kwa siku. Hiyo ndiyo taa yake. Wengi hawaanzi hivyo. Wanaanza kama Kololo: wiki ya kwanza anaweka elfu hamsini kwa siku, anakula mkavu, anajisifu kwenye kikundi. Wiki ya tatu mtoto anaugua malaria na mtaji umekauka, anachota yote. Mwezi wa tatu hataki hata kusikia neno akiba. Nguvu haikuwa haba. Kasi ya siku ya kwanza haikuwa ya mbio aliyokuwa anakimbia.

Taa ina faida nyingine. Inakwambia mapema. Ukipitwa na elfu kumi na mbili kwa siku mbili, deni ni elfu ishirini na nne, linalipika Jumamosi ya soko. Ukisubiri Desemba ndipo uhesabu, umeshakuwa wa 30.

Hapo tukutane na uzushi wa kwanza: "kuwa bora kwa asilimia moja kila siku". Hesabu yake inavutia, kwa sababu asilimia moja ikijizidisha kila siku kwa mwaka mzima inakufanya uwe bora karibu mara 38. Mara 38! Cheptegei angekuwa anakimbia kilomita tano kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Ukweli wa uwanjani ni huu: Bekele aliweka rekodi ya mita 5,000 mwaka 2004, 12:37.35. Dunia nzima, kwa makocha wake wote na maabara zake zote, ilihitaji miaka 16 kuishusha kwa sekunde mbili. Hiyo ni robo ya asilimia hivi, tena ikisaidiwa na taa na viatu vya aina mpya vilivyozua mjadala mkubwa mwaka ule.

Wazo la asilimia moja lenyewe lilipata umaarufu kupitia timu ya baiskeli ya Uingereza chini ya Dave Brailsford, na huko halikuwa la kila siku. Lilikuwa la mambo mengi madogo kwa wakati mmoja: kiti cha baiskeli, usafi wa mikono ili wasiambukizane mafua, hata mito ya kulalia waliyosafiri nayo. Kila jambo liongeze kidogo, jumla ionekane. (Walikuwa pia na fedha nyingi za bahati nasibu ya taifa, jambo ambalo wahamasishaji wetu hulisahau.) Kwa hiyo usijipe mtihani wa kuwa bora kuliko jana. Kuna siku utakuwa duni kuliko jana, na hiyo ni sehemu ya ratiba. Anayeanza hupanda haraka, kisha kupanda kunapungua. Ukijua hilo, mwezi wa nne hautakushtua.

Uzushi mwingine, ule wa siku 21 za kujenga tabia, tuupite haraka. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijaribu kuzoea jambo jipya. Wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia 18 hadi 254. Kama siku ya 22 bado unajilazimisha kuamka, hujalogwa.

Na "bingwa halali" je? Bingwa hulala, tena hata mchana. Mwili haupati nguvu wakati wa zoezi. Zoezi linauchosha na kuuumiza kidogo, na ule muda wa kupumzika na kula ndio unaoujenga upya ukiwa imara zaidi. Ukikata mapumziko umebaki na uchovu mtupu. Wageni wanaopanda Kapchorwa kuwaona wakimbiaji wa Sebei, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hushangazwa na hili. Alfajiri kundi linapita kwenye barabara ya vumbi, vijana kumi na kitu, na wanapiga soga. Wanakimbia polepole kiasi cha kuongea. Ukiwa na afya nzuri unaweza kudhani utawafuata, na kwa dakika chache kweli utawafuata. Mtafiti Stephen Seiler, aliyechunguza mazoezi ya wanamichezo wa mbio ndefu na michezo inayofanana nazo, alikuta kwamba karibu vipindi vinne kati ya vitano ni vya taratibu. Cha tano ndicho kinachouma, na kinauma kwelikweli kwa sababu miguu imekuja ikiwa mizima.

Sisi huku tunafanya kinyume. Kila siku ni ngumu kiasi, hakuna siku ngumu sana, hakuna siku nyepesi. Mwanafunzi wa jioni anasoma kila usiku akisinzia, ukurasa mmoja mara tatu. Angechagua siku mbili kwa wiki za kusoma hasa, akiwa amelala vizuri, simu iko chumba kingine, na siku zilizobaki apitie tu madaftari kwa nusu saa. Ukimwambia hivyo atakuona mvivu.

Kuna pia suala la nani ameshika saa. Cheptegei amefundishwa na kocha, Mholanzi Addy Ruiter. Stephen Kiprotich, kabla ya kushinda marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012 na kuleta dhahabu ya kwanza Uganda tangu John Akii-Bua mwaka 1972, alivuka mpaka kwenda kufanya mazoezi Kaptagat, karibu na Eldoret, pamoja na Wakenya ambao wangeweza kumshinda. Mkimbiaji hajiamini mwenyewe kwenye kipimo, na ana sababu: mtu aliyechoka hujidanganya. Huhitaji kocha wa kulipwa. Unahitaji mtu mmoja anayeuliza swali lenye namba, siku ileile kila wiki. "Dada, wiki hii umeweka ngapi?" Ni tofauti na rafiki anayekutumia mioyo na makofi kwenye simu. Huyo mpende, lakini usimpe saa.

Kuhusu kufumba macho na kujiona umeshinda, ushauri unaopendwa sana: wanamichezo hufanya hivyo kweli, ila si kwa namna tunayoelezwa. Beijing mwaka 2008, Michael Phelps aliruka majini kwa fainali ya mita 200 za mtindo wa kipepeo, na miwani yake ikajaa maji. Hakuona ukuta. Alihesabu mapigo ya mikono yake hadi mwisho, akashinda kwa rekodi ya dunia, 1:52.03. Kichwani alikuwa amezoea kuzipitia mbio zake zikiwa na hitilafu, wala si zikienda salama tu. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amekuta kwamba kuota ndoto tamu za mafanikio peke yake huwa kunawapunguzia watu nguvu ya kutenda. Mwenzake Peter Gollwitzer amechunguza dawa yake: kuandika mapema, likitokea hili, nitafanya lile. Mvua ikinyesha jioni na taksi zikakosekana, nitasomea hukohuko kazini nusu saa. Mteja akikopa, elfu kumi na mbili itatoka kwanza, hasara ikae kwenye faida. Sentensi kama hizo tatu zinatosha. Zikizidi, hutazikumbuka siku ya mvua.

Sasa yale ya kumwachia Cheptegei mwenyewe.

La kwanza ni hadithi ya kujinyima kila kitu. Cheptegei ni afisa wa Polisi ya Uganda. Kiprotich alikuwa wa Magereza. Mashirika haya yamekuwa yakiajiri wanariadha kwa muda mrefu, na maana yake ni kwamba mshahara huingia hata mwezi ambao mtu ana jeraha. Waliojihatarisha walikuwa na kitu chini yao. Mtu akikwambia uache kazi ili "ujitoe kama bingwa", muulize bingwa gani huyo na analipwa na nani.

La pili ni kuiga tabia ya aliyeshinda ukidhani ndiyo iliyomshindisha. Kwa kila Cheptegei kuna vijana wengi kwenye milima ileile walioamka saa ileile, wakala posho (ugali) ileile, na hawakufika hata mashindano ya taifa. Hawaalikwi kwenye semina, kwa hiyo hatuwasikii. Kuamka mapema kunaweza kuwa kuzuri, lakini wote waliamka mapema.

Na moja la mwisho, hili ni la kuazima ingawa halipendwi: kuacha. Desemba 2023, akiwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mara tatu, Cheptegei alijaribu marathoni yake ya kwanza, Valencia. Alimaliza wa 37 kwa saa 2:08:59. Ubingwa wa uwanjani haukuhamia barabarani kwa sababu tu mwenyewe ni yuleyule. Hakung'ang'ania kuwathibitishia watu kitu. Alirudi uwanjani, na miezi minane baadaye ndipo ilipokuja ile dhahabu ya Paris. Baada ya dhahabu hiyo akajiondoa kwenye mita 5,000 za michezo ileile, ingawa ndiye aliyekuwa bingwa mtetezi tangu Tokyo. Hakuna aliyetengeneza picha ya simu kuhusu uamuzi huo.

Ukiwa na karo, kiwanja na diploma ya jioni vyote mwaka mmoja, umejiandikisha mbio tatu siku moja. Chagua ipi ina tarehe isiyosogezeka. Karo kwa kawaida ndiyo, maana bursa, mtunza fedha wa shule, haelewi lugha nyingine. Kiwanja kinaweza kungoja, isipokuwa muuzaji ana mnunuzi mwingine mlangoni, na hapo pengine ni diploma itakayosogea. Itakayosogea iandikie mwezi wa kuirudia, uitoe kwenye daftari la wiki hii, na umwambie aliyeshika saa asiiulizie hadi mwezi huo.